Silinda ya Matundu Matatu: Kifaa Kizuri, Kijitabu Chenye Kasoro

Miongoni mwa vifaa vya kufundishia mwendo wa vimiminika, silinda ya matundu matatu ndiyo inayoonekana ya kawaida kuliko vyote, na huenda ndiyo sababu wengi huinunua bila kuikagua. Seti ninayoichambua hapa ina bomba la plastiki angavu lenye urefu wa sentimita 65 na kipenyo cha ndani cha sentimita 10, lililosimamishwa juu ya kitako chenye skrubu tatu za kusawazishia. Ubavuni kuna matundu matatu yaliyopangwa katika mstari mmoja wa wima, kwenye kimo cha sentimita 15, 30 na 45 kutoka sakafu ya ndani, na kwenye sentimita 60 kuna mdomo wa kutolea maji ya ziada. Pamoja na hayo huja vizibo vya mpira, vijibomba vitatu vifupi vya kuchomeka kwenye matundu, ubao mrefu wenye vipimo ambao maji huangukia, na kijitabu cha maelekezo. Niseme mapema kwamba kifaa chenyewe kimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa, ilhali kijitabu kinamwelekeza mtumiaji kwenye hitimisho la uongo katika sehemu mbili, na moja kati ya hizo inagusa kiini cha somo zima.

Kazi ya kifaa ni kumwezesha mwanafunzi kuutumia mlinganyo wa Bernoulli kutafuta kasi ya maji yanayotoka kwenye tundu, kisha kuipima kasi hiyo kwa njia nyingine isiyotegemea mlinganyo huo. Mlinganyo unasema kwamba, kwa kimiminika kisichobanika na kinachotiririka kwa utulivu bila msuguano, jumla ya kanieneo, nusu ya densiti mara kasi kipeo cha pili, na densiti mara mchapuko wa uvutano mara kimo haibadiliki kutoka nukta moja hadi nyingine ya mkondo huo huo. Tukichagua nukta ya kwanza kwenye uso wa maji na ya pili kwenye mkondo pale unapokwisha kutoka nje ya tundu, kanieneo katika nukta zote mbili ni ile ile ya hewa, hivyo zinafutana. Maji ya juu yanashuka polepole mno kiasi kwamba kasi yake inaweza kuachwa. Kinachobaki ni v = √(2gh), ambapo v ni kasi ya maji, g ni mchapuko wa uvutano, na h ni kina cha tundu kutoka uso wa maji. Densiti imetoweka, na kipenyo cha tundu hakikuwahi kuingia.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, na mchoro wa kijitabu hauwasaidii. Mchoro huo umeweka mshale wenye alama ya kanieneo ya kina, yaani densiti mara g mara h, kwenye mdomo wa tundu, kana kwamba maji yanapotoka bado yamebeba kanieneo hiyo. Ukiufuata mchoro na kuiingiza kanieneo hiyo upande wa pili wa mlinganyo, utapata kasi sifuri, jambo ambalo linapingwa na maji yanayofoka mbele ya macho yako. Kanieneo ya kina ipo ndani ya silinda, mbali kidogo na tundu, mahali ambapo maji bado karibu yametulia. Katika safari fupi kutoka hapo hadi nje inageuka yote kuwa mwendo. Mshale ungesogezwa sentimita chache ndani ya chombo, mchoro ungekuwa sahihi.

Kuhusu kuiacha kasi ya uso wa maji, mtengenezaji amechagua vipimo vinavyoruhusu jambo hilo bila wasiwasi wowote. Matundu yana kipenyo cha milimita 4, hivyo eneo la silinda ni mara 625 ya eneo la tundu moja, na kosa linalotokana na kuiacha kasi hiyo ni dogo kuliko chochote kinachoweza kupimwa kwa rula. Kwa kulinganisha, chombo ambacho kipenyo chake ni mara mbili tu ya kipenyo cha tundu kingeleta tofauti ya asilimia 3 hivi, na hapo mtu angelazimika kuandika mlinganyo mzima.

Upimaji wenyewe unategemea umbali ambao maji yanaruka. Mkondo unatoka ukiwa mlalo, unaanguka kama kitu chochote kilichorushwa, na muda wa kuanguka unategemea kimo cha tundu peke yake. Kutoka tundu la kati, lililo sentimita 30 juu, muda huo ni sekunde 0.247. Maji yakiangukia umbali wa sentimita 59, kasi yake ilikuwa mita 2.39 kwa sekunde, ilhali nadharia inatoa mita 2.43. Kwa tundu la juu, lenye kina cha sentimita 15, nadharia inatoa mita 1.72 kwa sekunde. Kwa tundu la chini, lenye kina cha sentimita 45, inatoa mita 2.97. Mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba kina kikiongezeka mara tatu, kasi haiongezeki mara tatu bali mara 1.73, ambayo ni kipeuo cha pili cha tatu. Katika matundu yote matatu kasi halisi hukaribia asilimia 98 ya ile ya nadharia, na kwa kifaa kisicho na umeme wala kihisi chochote, hayo ni matokeo ya kuridhisha sana.

Kufikia matokeo hayo, hata hivyo, kunahitaji kwanza kuurekebisha upungufu ambao kijitabu hakiutaji kabisa. Vimo vilivyochapishwa ubavuni mwa silinda vinaanzia sakafu ya ndani ya chombo, si meza. Kitako pamoja na skrubu zake kina unene wa sentimita 2, na ubao wa kupokelea maji umelala juu ya meza. Kwa hiyo maji ya tundu la chini hayaanguki sentimita 15 bali 17, ya kati 32, na ya juu 47. Sentimita 2 zinaweza kuonekana si kitu, lakini hebu tuzifuate. Kijitabu kinaahidi kwamba mkondo wa tundu la juu na ule wa chini vitaangukia mahali pamoja, kwa sababu umbali ni sawa na 2√(hy), y ikiwa kimo cha tundu, na kwa matundu hayo mawili h na y zimebadilishana nafasi tu. Ahadi hiyo ni ya kweli iwapo vimo vinapimwa kutoka mahali maji yanapoangukia. Kwa mpangilio unaotoka kwenye sanduku, mkondo wa chini unautangulia wa juu kwa takriban sentimita 2, na darasa zima linaona wazi kwamba haikutimia.

Kibaya zaidi ni hesabu inayofuata. Mwanafunzi akipima umbali wa mkondo wa chini, takriban sentimita 54, kisha akatumia kimo cha sentimita 15 kilichochapishwa, atapata kasi ya mita 3.1 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mita 2.97 za mlinganyo, yaani maji yametoka na nishati kubwa kuliko yaliyokuwa nayo. Matokeo ya namna hiyo yangepaswa kumshtua mtu yeyote anayejua maana ya mlinganyo wa Bernoulli, ambao hauelezi chochote zaidi ya kutopotea kwa nishati. Kwa bahati mbaya, kijitabu kinayaita kosa la upimaji na kuendelea mbele. Dawa ni nyepesi: inua ubao kwa kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 2 hadi ulingane na sakafu ya ndani ya silinda. Ukifanya hivyo, mikondo ya juu na ya chini inakutana karibu na sentimita 51, na wa kati unaipita yote miwili kwa kufika 59. Sioni sababu ya mtengenezaji kutouweka ubao huo juu ya vijiguu vya sentimita 2 tangu mwanzo.

Suala la mkondo upi unafika mbali linastahili kuzungumzwa zaidi, kwa kuwa ndilo linalozua mabishano mengi. Kuna mchoro uliozoeleka, uliorudiwa katika vitabu vingi vya shule, unaoonyesha chombo kilichokaa mezani na mikondo mitatu, wa chini ukiruka mbali kuliko yote, ili kuthibitisha kwamba kanieneo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Kanieneo huongezeka kweli, na kasi pia, lakini mkondo wa chini una muda mfupi wa kuanguka, hivyo anayeshinda ni wa kati. Silinda hii inaumbua mchoro huo kwa dakika moja. Kisha, ukiipandisha silinda juu ya stuli yenye kimo cha sentimita 60 au zaidi na kuacha maji yaangukie sakafuni, mpangilio unapinduka: sasa tundu la chini ndilo linalorusha mbali kuliko yote, na mchoro wa vitabuni unakuwa kweli. Kasi katika matundu hazikubadilika hata kidogo; kilichobadilika ni muda wa kuanguka. Zoezi hili halimo katika kijitabu, nami ningelifanya kabla ya mengine yote.

Sasa nije kwenye kasoro ya pili, ambayo ndiyo kubwa. Jaribio la mwisho la kijitabu linamtaka mwanafunzi akinge maji ya tundu la kati kwa sekunde 20, apime ujazo, augawanye kwa muda na kwa eneo la tundu, na hivyo apate kasi kwa njia ya pili. Ukifanya hivyo utapata mililita 380 hivi, badala ya 610 zinazotarajiwa kwa tundu la milimita 4. Hesabu ya kijitabu inatoa kasi ya mita 1.5 kwa sekunde, na maelezo yake ni sentensi moja tu kwamba tofauti inatokana na msuguano.

Maelezo hayo hayawezi kuwa kweli, na ushahidi umo ndani ya sanduku lile lile. Mkondo huo huo umetoka kupimwa kwa umbali wa kuruka na kuonekana una kasi ya mita 2.39 kwa sekunde. Maji hayawezi kuwa na kasi mbili kwa wakati mmoja. Lau msuguano ungekuwa umeipunguza kasi hadi mita 1.5, zaidi ya asilimia 60 ya nishati ya mwendo ingekuwa imepotea, na mkondo ungeanguka karibu na sentimita 37. Nishati inayopotea kwa kweli ni kama asilimia 4. Tatizo haliko kwenye kasi bali kwenye eneo: maji yanayoelekea tunduni yanatoka pande zote, juu, chini na ubavuni, na hayawezi kupiga kona ghafla pale kwenye ukingo, hivyo mkondo unaendelea kusinyaa baada ya kutoka. Milimita 2 hivi nje ya tundu, kipenyo chake kimeshuka hadi milimita 3.2, na eneo lake ni takriban asilimia 63 ya eneo la tundu. Zidisha kwa asilimia 98 ya kasi na utapata asilimia 62, ambayo ndiyo mililita 380 zilizokingwa. Isaac Newton alilishughulikia jambo hili katika toleo la pili la kitabu chake, Principia, mwaka 1713, kwa hiyo si siri mpya.

Kinachosikitisha ni kwamba kifaa kimeundwa makusudi ili kusinyaa huko kuonekane. Matundu hayakutobolewa kwenye plastiki yenyewe, ambayo ni nene. Yametobolewa kwenye vibati vyembamba vya chuma vilivyokazwa kwa washa za mpira, na ukingo wa kila tundu umechongwa ukawa mkali upande wa ndani na kupanuka kwa nje. Ukiinamisha uso karibu na tundu huku mwanga ukitokea nyuma, unauona mkondo ukibanwa kama shingo kabla ya kunyooka na kuwa laini kama kioo. Fundi aliyechonga vibati hivyo alijua anachokifanya; aliyeandika kijitabu hakuzungumza naye.

Vijibomba vifupi vinakamilisha hoja hiyo, ingawa navyo vimepewa mistari miwili tu. Kila kimoja kina kipenyo cha ndani cha milimita 4 na urefu wa milimita 12. Ukichomeka kimoja kwenye tundu la kati, mtu angetarajia kwamba njia ndefu zaidi ya kupita itapunguza maji yanayotoka. Kinyume chake, ujazo unapanda kutoka mililita 19 hadi karibu 25 kwa sekunde, ilhali mkondo unaanguka karibu zaidi, kwenye sentimita 49 kutoka mdomo wa kijibomba. Ndani ya kijibomba mkondo unasinyaa kwanza, kisha unapanuka na kujaza nafasi yote. Pale uliposinyaa kanieneo yake iko chini ya ile ya hewa, kwa hiyo maji yanavutwa kwa nguvu zaidi kutoka silindani. Kupanuka huko kwa vurugu kunakula karibu theluthi moja ya nishati, na ndiyo maana kasi inashuka hadi asilimia 82 ya nadharia. Maji mengi zaidi, kasi ndogo zaidi: sijui jaribio lingine rahisi kiasi hiki linalotenganisha wazi namna hii kasi ya maji na wingi wa maji, mambo mawili ambayo hata watu wazima wenye elimu huyachanganya.

Kuhusu matumizi ya kila siku, mdomo wa maji ya ziada ni wa lazima, wala si pambo. Matundu matatu yakifunguliwa pamoja bila kuongeza maji, uso unashuka takriban sentimita 7 katika sekunde 10 za kwanza, na kipimo chochote cha h kinakuwa cha kubahatisha. Mpira wa kuingizia maji ufunguliwe kiasi cha kufanya mdomo ule utiririke kidogo muda wote, na ncha yake iwekwe juu, chini kidogo ya uso, ikielekezwa ukutani upande usio na matundu. Ikishushwa karibu na tundu, msukumo wake unaingia kwenye mkondo na kuharibu matokeo. Skrubu za kusawazishia zinafanya kazi vizuri, ila seti haina pimamaji, na huo ni ubahili usioeleweka. Mwinamo wa digrii 1 kuelekea upande wa matundu au kinyume chake unausogeza mkondo wa kati kwa sentimita 1, kiasi kinachokaribia tofauti yote kati ya nadharia na uhalisia. Nilitumia pimamaji ya seremala na ikatosha.

Vizibo vya mpira vinakaa imara, na plastiki haijaonyesha ufa wala ukungu. Kijitabu kwa upande mwingine kina kosa dogo la kihistoria ambalo ningelipuuza kama yasingekuwepo yale makubwa: kinasema kanuni ya √(2gh) iligunduliwa na Bernoulli. Evangelista Torricelli aliichapisha mwaka 1644, na kitabu cha Daniel Bernoulli, Hydrodynamica, kilitoka mwaka 1738, karibu karne nzima baadaye. Torricelli aliyajua matokeo kabla ya kuwapo nadharia pana iliyoyaeleza. Bernoulli akaonyesha kwamba ni tawi moja la kanuni ya nishati.

Matumizi yangu ninayoyapenda zaidi hayamo kijitabuni pia. Funga maji ya kuingia, ziba matundu ya juu na ya chini, jaza hadi sentimita 60, kisha fungua la kati na uhesabu muda. Nadharia tupu inasema uso utashuka hadi usawa wa tundu kwa sekunde 155. Anayekumbuka kusinyaa kwa mkondo atasema 250. Usingoje mwisho kabisa, kwa sababu maji yakibaki kidogo juu ya tundu mvutano wa uso unaanza kutawala na mkondo unageuka matone. Simamisha saa uso unapokuwa sentimita 7.5 juu ya tundu, yaani robo ya kina cha mwanzo: kasi hapo imebaki nusu, na muda uliopita unapaswa kuwa nusu ya muda wote, sekunde 125 hivi. Ikikupa sekunde nyingi zaidi ya hizo, toa kibati na ukikague, kwani maji yenye chumvichumvi huacha ukoko kwenye ukingo wa tundu, na ukingo ukishakuwa na ukoko, asilimia 62 haiwezi tena kutegemewa. Siki na brashi laini huuondoa. Msumari au waya usitumike kamwe, kwa sababu ukingo huo mkali ndio sehemu ya thamani kuliko zote katika seti hii, na vibati vya akiba havimo sandukuni.